Magofu ya Bonde la Rhein: Ngome, Ushuru na Mizabibu



Mama mmoja wa darsa yetu, aliposikia kuwa tumekwenda Ujerumani kumzuru binti yetu aliyeolewa huko, aliniuliza mbele ya wenziwe: "Sheikh, na yale mabonde ya mvinyo tunayoyaona katika picha, Muislamu aenda kutafuta nini huko?" Swali lilikuwa la haki, na wenziwe walicheka kwa sababu walikuwa nalo wote. Jibu la mdomo halikutosha, basi nimeona niliandike kwa familia zote zinazosoma jarida hili, kwani nyingi kati ya hizo sasa zina watoto na wajukuu Ulaya, na huenda siku moja zikapita njia ile ile.

Bonde ninalolisema ni kipande cha mto Rhein kinachoanzia miji ya Bingen na Rüdesheim na kumalizikia Koblenz, masafa ya kilomita 65 hivi. Mwaka 2002 UNESCO ililiingiza katika urithi wa dunia, kama lilivyofanya shirika hilo hilo kwa Mji wa Kale wa Lamu mwaka mmoja kabla yake. Mto umejipenyeza baina ya milima ya mawe meusi, yale yanayopasuka bapabapa mithili ya vigae, na juu ya kila kilima, au karibu kila kilima, pamekaa ngome. Zote pamoja hazipungui sana na 40. Nyingine zimejengwa upya, nyingine ni gofu tupu lenye ndege na miiba.

Tuanze na mizabibu ili tuimalize. Mzabibu hauna dhambi. Qur'ani imeutaja mara nyingi miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu, na zabibu ni tunda halali kama embe na tende. Haramu ni kile mwanadamu anachokifanya baada ya kulichuma. Kwa hiyo mimi niliitazama ile miteremko kama mkulima anavyotazama shamba la mwenzake, na kwa kweli nilistaajabu. Milima imesimama kama ukuta, na watu wameikata ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikishikwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila ya udongo wala saruji. Mawe hayo hunyonya joto la jua mchana na kuurudishia mti usiku, na bila ya hayo zabibu haiivi vizuri katika baridi ile. Mashine haziwezi kupanda sehemu nyingi, basi kazi ni ya mikono na mgongo. Ndiyo maana vijana wameikimbia. Eneo la mizabibu la sehemu hiyo limeshuka hata likawa chini ya hekta 500, na ukitazama kwa makini utaona ngazi nyingi zimemezwa na vichaka. Kwa hivyo yako magofu ya aina mbili katika bonde hilo, ya wafalme na ya wakulima, ila vitabu vya wageni husifu yale ya kwanza tu.

Sasa, ngome zote hizi zilijengwa kwa nini? Watoto hudhani ni kwa ajili ya vita. Vita vilikuwako, lakini jibu la karibu zaidi na ukweli ni ushuru. Rhein ilikuwa barabara kuu ya biashara. Kila bwana aliyeweza kupata kilima kilichoukabili mto alijenga mnara, akaweka walinzi, akawatoza wenye mashua kwa kupita tu. Wanavyuoni wetu wana jina la ushuru wa namna hii, huuita maks, na wameukemea vikali tangu zama za mwanzo, kwa kuwa ni kuchukua mali ya mtu pasi na kumpa chochote.

Ukitaka kuuona ushuru huo kwa macho, nenda mji mdogo wa Kaub. Katikati ya mto, juu ya kisiwa kidogo cha mwamba, imekaa ngome nyeupe iitwayo Pfalzgrafenstein. Mfalme Ludwig wa Bavaria aliianzisha mnamo mwaka 1327 kwa mnara mmoja wa pembe tano, kisha ukaongezwa ukuta wa pembe sita kuuzunguka. Ncha yake imeelekezwa kule mto unakotoka, ili ipasue vipande vya barafu wakati wa baridi, na kwa mbali utaapa kuwa ni jahazi la mawe lililotia nanga. Mnyororo ulifungwa kukatiza maji, na nahodha aliyekataa kulipa alizuiliwa humo humo mpaka jamaa zake wamkomboe. Papa wa Roma mwenyewe aliulalamikia ushuru wa Kaub, wala hakusikilizwa. Uliendelea kutozwa hadi miaka ya 1860. Fikirini, zaidi ya miaka 500 ya kutoza watu kwa maji yaliyoteremshwa na Mola wao! Huvuka kwa mashua ndogo kutoka Kaub. Ndani hakuna umeme, na wenye watoto wadogo wamalize haja zao kabla ya kuvuka.

Iko na hekaya moja, nayo mjukuu wangu aliipenda kuliko tarehe zangu zote. Karibu na Bingen kuna mnara mwingine kisiwani, uitwao Mnara wa Panya. Wenyeji husimulia kuwa askofu mmoja aitwaye Hatto, wakati wa njaa, alizificha nafaka, akawakusanya masikini waliokuja kuomba ndani ya ghala, akaghatia moto. Walipolia, akasema ni panya wanaolia. Basi panya wa kweli wakamjia kwa maelfu, akakimbilia mnara wa mtoni, nao wakaogelea wakamfuata, wakamla hai. Hekaya ni hekaya, na wajuzi wa lugha hudhani jina lenyewe limetokana na neno la kale la ushuru lenye kufanana na panya kwa matamshi. Hata hivyo naona watu wa bonde walijua walichokuwa wakikisema.

Siku ya pili tulikwenda St. Goar, kwenye gofu la Rheinfels. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Lilianzwa mwaka 1245 na mtawala mmoja wa ukoo wa Katzenelnbogen, na miaka kumi baadaye akapandisha ushuru. Miji ya Rhein ilikuwa imeunda muungano, ikaja na jeshi, ikamzingira mwaka na zaidi, ikarudi mikono mitupu. Mwaka 1692 majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa nayo yakashindwa hapo hapo. Lakini mwaka 1794, jeshi la mapinduzi la Wafaransa lilipokaribia, waliokuwa ndani waliikabidhi ngome bila ya kupiga risasi. Wafaransa wakailipua kwa baruti, na mawe yake yakachukuliwa kujengea kwengine. Ngome iliyoshinda makundi mawili ya maadui iliangushwa na nyoyo za walioilinda.

Chini yake zimo njia za siri, finyu na za giza, walimotembea askari wakitega baruti chini ya miguu ya adui. Watu wazima huinama, watoto hukimbia. Chukueni kurunzi. Tuliposimama juu, mke wangu alitandaza kitambaa nyuma ya ukuta uliokinga upepo, tukatafuta kibla, nacho huko kiko kusini mashariki, tukaswali Adhuhuri kwa jamaa. Tuliswali rakaa nne kamili, kwani Mainz tulikuwa tumeshakaa zaidi ya siku nne, na masafa ya kutoka Mainz hadi hapo hayakutimia ya kupunguza. Wageni wawili wazee walipita, wakanyamaza mpaka tukatoa salamu, kisha wakatuamkia kwa heshima.

Mwaka 1843 gofu hilo lilinunuliwa na mwanamfalme wa Prussia, yule ambaye baadaye aliitwa Kaiser Wilhelm wa Kwanza. Nalitaja hili kwa sababu ya pwani yetu. Ni katika enzi yake, mwaka 1885, Wajerumani walipoitia Witu chini ya himaya yao, na mwaka 1890, akitawala mjukuu wake, wakaiachia Uingereza katika mapatano ambayo watu wa Witu hawakuulizwa. Sanamu ya mzee huyo juu ya farasi iko Koblenz, mahali mito Rhein na Mosel inapokutana. Iliwekwa 1897, ikapigwa mizinga ya Wamarekani 1945, ikarudishwa 1993. Watu hupiga picha chini yake. Mimi nilipita.

Mahali paliponikaa moyoni zaidi si ngome. Ni Bacharach, mji wa nyumba za mbao zilizoinamiana, na juu yake kidogo, njiani kuelekea ngome ya Stahleck, limesimama gofu la kanisa dogo la mawe mekundu. Halina paa wala vioo, madirisha yake marefu yamebaki mifupa, na anga yaonekana kupitia humo. Kila mgeni husimama akasema ni zuri. Ni zuri kweli.

Sababu ya kujengwa kwake ni hii. Mwaka 1287 kijana aitwaye Werner alikutwa maiti. Bila ya ushahidi wowote ukaenea uvumi kuwa Mayahudi wamemuua kwa ajili ya ibada zao. Uvumi ukatembea kando ya Rhein na Mosel, na Mayahudi wakachinjwa mji baada ya mji, wanaume, wanawake na watoto. Mfalme Rudolf wa Habsburg aliikataa tuhuma hiyo, lakini wafu hawakufufuka. Kijana akafanywa walii, kanisa likajengwa kwa jina lake na mahujaji wakawa wanakuja na sadaka zao. Ngome ya juu ilipolipuliwa mwaka 1689, vifusi viliangukia kanisa, likawa gofu. Heshima ya uwalii ilifutwa na jimbo la kanisa la Trier mwaka 1963 tu. Leo pana kibao chenye dua ya kuomba msamaha kwa yale waliyotendewa Mayahudi.

Mkwe wetu alinisomea kibao hicho. Mjukuu wangu, wa miaka tisa, akauliza, "Babu, kwani wale watu walikuwa wamefanya nini?" Nikamwambia, "Hawakufanya kitu." Akaniuliza tena, "Sasa mbona watu waliamini?" Tukakaa juu ya jiwe. Nikamhadithia walivyopokea wafasiri kuhusu Suratun-Nisaa, kuanzia aya ya 105: mtu aliyejinasibisha na Waislamu aliiba deraya, akatupia lawama Yahudi, na jamaa zake wakaja kumtetea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Wahyi ukashuka kumtakasa yule Yahudi asiye na kosa na kuwakemea watetezi wa mwizi. Mtoto alinyamaza muda. Kisha akasema shuleni kwao kuna watoto husema Waislamu wote ni wabaya. Binti yetu alikuwa hajawahi kulisikia hilo kwake. Alimshika mkono, na tukashuka polepole kuliko tulivyopanda.

Wanaonuia safari wajue machache. Treni hupita kando ya mto kutoka Mainz hadi Koblenz na kusimama katika miji mingi niliyoitaja, na mashua hutembea zaidi katika miezi ya joto. Stahleck sasa ni bweni la vijana, na familia hupokewa. Ng'ambo ya St. Goar ziko ngome mbili ziitwazo Paka na Panya, watoto watazipenda kwa majina tu. Marksburg, juu ya Braubach, haikuwahi kubomolewa, basi humo huonekana jiko, zizi na vyumba kama vilivyokuwa.

Mikahawani ulizeni kila mchuzi, kwani hupikia mvinyo hata samaki. Na mkienda Septemba au Oktoba, wakati wa mavuno, mtaona barabarani kinywaji cheupe chenye ukungu kikiuzwa kama maji ya zabibu. Jina lake Federweißer. Kimeshaanza kuchacha nacho chalevya, ingawa ni kitamu na watoto watakiomba. Juisi yenyewe huitwa Traubensaft. Sisi tuliinunua kwa bibi mmoja mbele ya nyumba yake, naye alipoiona buibui ya mke wangu aliitoa mwenyewe chupa ile kabla hatujaitaja, akaonyesha jina kwa kidole.