Kwani "midwife" ni mke wa nani?

Wiki iliyopita tuliongelea begi la kwenda leba. Leo ni neno moja tu la Kiingereza, lile ambalo sisi tunasema mkunga: midwife.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nesi, aliyenizalisha ni mwanaume, sasa naye anaitwaje midwife? Wife si mke?"

Hajakosewa jina, jamani. Neno lenyewe ni la zamani mno, Waingereza wanalitumia tangu miaka ya 1300 huko. Ni maneno mawili yameunganishwa. "Mid" kwenye Kiingereza cha kale ilikuwa "pamoja na", na Wajerumani mpaka leo wanasema "mit". "Wif" ilikuwa mwanamke yeyote, awe ameolewa au hajaolewa. Hii maana ya mke ndiyo iliyokuja kushika zaidi baadaye.

Kwa hiyo midwife ni "aliye pamoja na mwanamke". Na huyo mwanamke ni wewe unayejifungua, siyo anayekuzalisha. Awe kaka au dada, jina linamkaa vizuri tu.

Mimi kinachonigusa ni kwamba jina halisemi mkata kitovu wala mpokea mtoto. Linasema kuwa nawe. Yaani kazi ya kwanza ni usiachwe peke yako.

Sasa tuseme ukweli. Usiku mko sita wenye uchungu, sisi tuko wawili. Nitakuwaje pamoja na wote? Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mama awe na mtu aliyemchagua mwenyewe, akae naye muda wote wa uchungu. Mama mwenye mtu pembeni ana nafasi kubwa zaidi ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi kidogo. Huyo mtu anakusugua mgongo, anakupa maji, anakimbia kutuita.

Ukienda kliniki safari hii, uliza: "Hapa mnaruhusu mtu wa kukaa nami leba?" Uliza mapema, siyo siku ya uchungu. Na uchague anayekutuliza, siyo anayekuongezea hofu, hata kama ni ndugu wa karibu.

Wewe ungemchagua nani? Niandikie hapo chini, nasoma zote nikitoka zamu.