Damu Baada ya Miale

Tezi dume ya mwanamume imekaa mbele ya puru, yaani mwisho wa utumbo. Kati yao pana ukuta mwembamba tu. Kwa hiyo miale ipigwayo kuua kansa ya tezi hugusa na puru. Pengine baada ya mwaka mzima, vishipa dhaifu huzuka juu ya ngozi ya ndani, vikatoka damu.

Jambo hilo lilimpata baba yetu mkubwa. Mwaka 2022 alipigwa miale huko Kampala, majuma manne, siku tano kila juma. Alirudi mzima, tukafurahi. Mwaka uliofuata aliona damu chooni akanyamaza, maana mzee awezaje kuwasimulia watoto habari za haja kubwa? Alidhani kansa imerudi. Alijinyima chakula ili asiende chooni, akakonda. Mama mkubwa, mwenye kufua nguo, ndiye aliyetuambia.

Tulimrudisha Kampala. Daktari alitazama ndani kwa kamera, kwa kuwa damu huweza kuwa na sababu nyingine. Lakini hakukata kinyama upande wa mbele: kidonda cha hapo hupona kwa shida, hata huweza kutoboka. (Mgonjwa asiyetaja miale yake hujihatarisha sana.) Vishipa alivichoma kwa gesi ya argoni, mara tatu, kila baada ya mwezi.

Siku hizi mzee anakula sombe yake. Damu huonekana mara chache, nayo hutuambia mwenyewe, tena mezani.