Makala Yamelipiwa, Mlango Umefungwa

Binamu yangu yuko Kitui, anaandika tasnifu ya uzamili akiwa nyumbani. Kila akibofya makala kwenye JSTOR anaambiwa alipe kwa dola, ilhali chuo chake kilishalipia. Akanipigia simu akidhani tarakilishi yake ina virusi.

Haina. JSTOR haimjui yeye, inajua anwani za IP za chuo. Ukiwa maktabani, anwani yako imo kwenye orodha na mlango unafunguka. Ukiwa nyumbani unatumia bando za simu, wewe ni mpita njia tu. Dawa ni seva ya proksi: unaingiza neno la siri, kisha seva iliyoko chuoni inakuombea makala kwa niaba yako.

Maelezo aliyopewa yalimtaka aandike jina la proksi na nambari ya poti kwa mkono. Njia hiyo siipendi hata kidogo. Kila ukurasa utazungukia chuoni, hata YouTube, hata benki! Mtandao unakuwa mzito, na seva ya watu inaona kila tovuti unayotembelea. Afadhali faili ya PAC, ambayo Netscape ilituletea mwaka 1996 na hadi leo inafanya kazi. Ni msimbo mfupi wa JavaScript unaosema: ukienda jstor.org pitia proksi, kwingine kote nenda moja kwa moja. Waulize wakutubi kama wanayo.

Mimi nilimwekea kwenye Firefox, kwa sababu ina mipangilio yake yenyewe ya proksi. Shuka hadi mwisho wa ukurasa wa mipangilio, fungua sehemu ya mtandao, bandika anwani ya faili. Chrome hufuata mipangilio ya tarakilishi nzima, kwa hiyo ukiigusa unagusa na programu nyingine.

Kama chuo chenu kinatumia EZproxy, aliyoiandika mkutubi Chris Zagar mwaka 1999, huna haja ya kusanidi chochote. Ingia kupitia kiungo cha maktaba. Utaona jina la JSTOR limeunganishwa na la chuo. Hakikisha la chuo ndilo la mwisho kabla hujaandika neno la siri, maana matapeli nao wanaujua mchezo huu.

Sasa binamu anataka nimwandikie skripti ya kupakua majarida yote usiku mmoja. Nimekataa. Mchapishaji akishtuka ataifungia anwani ya proksi, na chuo kizima kitalala nje.