Safari ya Kajaga: Jinsi Fundi Anavyopima Spika

Mwezi huu tunawapeleka Kajaga, magharibi ya mji wa Bujumbura, kwenye barabara ya Gatumba inayokwenda mpaka wa Kongo. Ziwa Tanganyika liko hapo karibu, na siku isiyo na ukungu milima ya Uvira inaonekana ng'ambo. Tulikaa kimya kidogo tukiitazama.

Watu wa kule wanayajua maji. Mwaka 2020 mto Rusizi ulifurika, maelfu wakahama Gatumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda, maji yakaingia hata nyumba za Kajaga. Spika ikilowa, karatasi yake inavimba na kutu inashika ndani ya sumaku.

Sisi tulibeba spika ya kambi, na ruhusa ya siku mbili. Tangu ife, matangazo yalipita kwa mdomo tu, na familia za mwisho wa kambi zilikosa siku ya chanjo ya watoto.

Fundi hakukimbilia kufungua. Kwanza alibonyeza karatasi taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku: kuna uchafu, kutu, au koili imepinda. Halafu akanusa, koili iliyoungua ina harufu. Mwisho akaweka mita. Spika ya omu 8 ikiwa nzima inasoma kama 6 au 7. Mita isiposoma kitu, waya umekatika mahali.

"Walimu, msilie bado," akasema. Mara nyingi kinachokatika ni zile nyuzi laini mbili za nje, na hizo zinalehemiwa tu. Asiye na mita agusishe betri moja ndogo ya redio kwa sekunde moja: spika nzima inatoa "tak".

Yetu, kumbe, koili ilikuwa nyeusi kabisa. Akaifungua akihesabu mizunguko, akasuka upya kwa waya wa shaba wa unene uleule, mizunguko ileile. Ukibadilisha unene, omu zinabadilika na ampli inaweza kuungua. Akasafisha nafasi ya sumaku, akarudisha koili na kuizungushia vipande vya picha ya eksirei ili ikae katikati, ndo akatia gundi. Vipande havitolewi mpaka gundi ikauke, kwa hiyo tulilala huko. Asubuhi mita ikasoma 6 na nusu.

Basi, wazazi wetu, tushike haya. Betri ikichoka msiongeze sauti: ampli inakwaruza na koili inapata joto. Sauti ikianza kukwaruza, punguzeni palepale. Spika iliyolowa ikaushwe kivulini siku kadhaa kabla ya kuwashwa.

Vijana wanaotaka kujifunza kupima waje Jumamosi baada ya masomo, kila mmoja na spika yake mbovu. Msizitupe. Tuonane mwezi ujao.