Saa 72 za Jack Ma

Leo naomba tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata, tuzungumze kidogo kuhusu matajiri. Matajiri wa Uchina hasa. Kwa nini hao? Kwa sababu maneno yao yamefika mpaka kwenye meza zetu za kazi hapa Nairobi, na naona wengi wetu tunayameza bila kutafuna.

Tuanze na Jack Ma, maana huyo ndiye anayejulikana kuliko wote. Hadithi yake nadhani umeshaipokea kwenye WhatsApp zaidi ya mara moja. Alizaliwa mjini Hangzhou mwaka 1964. Alianguka mtihani wa kuingia chuo kikuu mara mbili, akapita mara ya tatu, akawa mwalimu wa Kiingereza. Mwenyewe husimulia kwamba watu 24 waliomba kazi KFC, wakachukuliwa 23, akaachwa yeye peke yake. Mwaka 1999 akawakusanya wenzake nyumbani kwake, wote pamoja wakiwa 18, wakaanzisha Alibaba. Septemba 2014 kampuni hiyo iliuza hisa New York ikakusanya dola bilioni 25, kiasi ambacho hakuna kampuni iliyokuwa imewahi kukifikia wakati huo. Julai 2017 alikuja hapa Nairobi na kuzungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na tangu hapo hakuna semina ya vijana na biashara inayokwisha bila jina lake kutajwa.

Hadithi ni tamu, sikatai. Lakini kuna sehemu yake moja ambayo sisi waandishi wa programu tunapaswa kuitazama kwa makini: ile ya saa za kazi.

Nchini Uchina kuna kitu kinachoitwa 996. Maana yake ni kuanza kazi saa tatu asubuhi, kutoka saa tatu usiku, siku sita kwa wiki. (Kwa kuhesabu saa za Kiswahili tungeiita 336, lakini mateso ni yale yale.) Piga hesabu: saa 12 mara siku 6 ni saa 72. Sheria ya kazi ya Uchina yenyewe inataka wastani usiozidi saa 44 kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 36 kwa mwezi mzima. Lakini sheria ilikuwa kwenye karatasi na kazi ilikuwa ofisini.

Machi 2019 waandishi wa programu wa huko walichoka. Hawakuandamana barabarani. Walifungua hazina kwenye GitHub wakaiita 996.ICU, yaani ukifanya kazi ya 996 utaishia chumba cha wagonjwa mahututi. Humo wakaorodhesha kampuni zinazowafanyisha kazi saa hizo. Kwa wiki chache tu hazina hiyo ilipata nyota zaidi ya 200,000. Wengine wakatunga leseni ya programu huria inayokataza kampuni zinazovunja sheria za kazi kutumia misimbo yao. Kwangu mimi hilo ni jambo la kuvutia kuliko hadithi ya KFC.

Matajiri walijibu vipi? Aprili mwaka huo huo Jack Ma aliwaambia wafanyakazi wake kwamba kuweza kufanya kazi 996 ni baraka kubwa, na kwamba kampuni nyingi hazina hata nafasi hiyo ya kuwapa watu wao. Richard Liu wa JD.com naye akasema wavivu si ndugu zake. Jack Ma baadaye alijaribu kulainisha maneno, lakini neno likitoka halirudi.

Na neno hilo halikubaki Hangzhou. Lilipanda ndege likaja mpaka kwetu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nimeajiriwa na kampuni ndogo hapa mjini, ambayo sitaitaja. Waandishi wa programu tulikuwa sita. Siku moja mdosi akatuita, akatusomea maneno hayo ya Jack Ma kutoka kwenye simu yake, kisha akatuambia kuanzia Jumatatu ijayo tutatoka saa tatu usiku na Jumamosi ni siku ya kazi. Mshahara ule ule. Malipo ya saa za ziada hakuna. Hisa hakuna. "Mnataka kuwa kama Alibaba au hamtaki?" akauliza.

Tulikuwa tunatengeneza programu ya wenye maduka. Ilikuwa na grafu za mauzo za rangi, na kila Jumamosi mdosi alikuwa akiongeza grafu nyingine. Jumapili moja, siku yangu ya pekee ya mapumziko, nilikwenda Gikomba kununua viatu. Mama mmoja aliyekuwa akiuza hapo, aliposikia ninafanya kazi gani, aliniambia hivi: "Kijana wangu, mimi shida yangu ni moja tu. Mtu ananionyesha ujumbe wa M-Pesa kwamba ametuma, nampa mzigo, jioni nikiangalia salio pesa haipo. Hiyo tarakilishi yako inaweza kunisaidia?"

Jumatatu nikapeleka neno hilo ofisini. Mdosi akasema hatuna muda wa kuzungukazunguka sokoni, tuna kazi nyingi. Kumbe ndivyo ilivyokuwa: saa 72 ofisini, na hata saa moja ya kumsikiliza mwenye duka haikupatikana! Mwenzetu mmoja mwenye mtoto mchanga aliacha kazi mwezi wa pili. Mwezi wa tano nikamfuata. Programu yenyewe haikufika mbali.

Sasa hebu turudi Uchina tuone utajiri ule ulitoka wapi hasa. Mwaka 2003 Alibaba walianzisha Taobao, soko la mtandaoni la watu wa kawaida. eBay walikuwa wameshaingia Uchina wakiwa na pesa na jina. Taobao hawakuwatoza wauzaji ada ya kuweka bidhaa, hilo lilisaidia. Lakini shida kubwa ilikuwa ile ile ya mama wa Gikomba: uaminifu. Mnunuzi anaogopa kutuma pesa kabla ya kuona mzigo, muuzaji anaogopa kutuma mzigo kabla ya kuona pesa. Ndipo ikaja Alipay. Mnunuzi anaweka pesa Alipay, muuzaji anaarifiwa kwamba pesa ipo, anatuma mzigo, mnunuzi akishaupokea na kuridhika pesa inaachiliwa. Basi. Mtu wa kati anayeaminika na pande zote mbili. Mwishoni mwa 2006 eBay walifunga tovuti yao ya Uchina.

Hapo ndipo pesa zilipotoka. Watu walikesha, ndiyo, lakini walikuwa wakikesha juu ya shida iliyokuwepo.

Mfano wa pili uko mfukoni mwako pengine. Zhu Zhaojiang hajulikani kama Jack Ma, na si mtu wa kuhojiwahojiwa. Aliwahi kufanya kazi katika kampuni ya simu ya Ningbo Bird, kisha mwaka 2006 akaanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Transsion. Ndiyo wenye Tecno, itel na Infinix. Wakati kampuni kubwa zikiitazama Afrika kama mahali pa kumalizia simu zilizobaki, watu wake walitazama tunavyoishi. Waliona mtu ana laini mbili au tatu na anabadilisha kila mara kwa sababu kupiga simu mtandao mwingine ni ghali. Wakaleta simu ya laini mbili. Waliona umeme unapotea, wakaweka betri ya kukaa na chaji siku nyingi. Waliona kamera za wengine zinatutoa kama vivuli, wakarekebisha kamera zao zisome ngozi nyeusi. Septemba 2019 kampuni hiyo iliingia soko la hisa la Shanghai.

Wa tatu ni wa fani yetu kabisa. Zhang Yiming, mzaliwa wa 1983, mwandishi wa programu, alianzisha ByteDance mwaka 2012, hao wenye TikTok. Mei 2021, akiwa na miaka 38, alitangaza kwamba anaacha ukurugenzi na kumwachia Liang Rubo, aliyeishi naye chumba kimoja chuoni. Katika barua yake alieleza kwamba yeye si mtu wa kupenda watu wengi, anapenda zaidi kusoma, kusikiliza muziki, kukaa mtandaoni na kuwaza yanayowezekana. Mwaka 2024 orodha ya Hurun ilimtaja kuwa tajiri wa kwanza Uchina, akiwa na takriban dola bilioni 49. Naye kampuni yake ilikuwa na watu waliokuwa wakifanya kazi Jumapili moja kila baada ya wiki mbili! Utaratibu huo uliondolewa Agosti 2021, yeye akiwa ameshatangaza anakwenda kusoma vitabu.

Mwezi huo huo wa Agosti 2021 Mahakama ya Juu ya Uchina na wizara ya kazi zilitamka wazi kwamba 996 ni kinyume cha sheria. Lakini kabla ya hapo mfanyakazi wa Pinduoduo mwenye miaka 22 alikuwa ameanguka na kufa, Desemba 2020, akirudi nyumbani kutoka kazini baada ya saa sita za usiku. Huyo naye ni sehemu ya hadithi ya matajiri hawa, ila haimo katika ujumbe wa WhatsApp.

Na Jack Ma mwenyewe? Oktoba 2020 alitoa hotuba Shanghai akawakosoa wasimamizi wa fedha, akisema benki zina fikra za duka la rehani. Ant, kampuni yenye Alipay, ilikuwa karibu kuuza hisa za takriban dola bilioni 34, kuvunja rekodi zote. Siku mbili kabla, tarehe 3 Novemba, serikali ikasimamisha. Akatoweka machoni pa watu mpaka Januari 2021. Aprili 2021 Alibaba ilipigwa faini ya yuan bilioni 18.2, na Januari 2023 alipoteza udhibiti wa Ant. Februari 2025 alionekana tena akiwa mbele ya Rais Xi, ameketi na matajiri wenzake wakisikiliza. Wafanyakazi wa Ant waliokuwa wamekesha miaka wakisubiri hisa zao ziuzwe, kusubiri kwao hakukubadili uamuzi wa siku moja.

Kwa hiyo mimi siku hizi nikiambiwa mambo ya 996 nauliza maswali mawili tu. La kwanza: tunatatua shida ya nani, na mara ya mwisho tulizungumza naye lini? La pili: fungu langu ni lipi? Wale watu 18 wa Hangzhou walikesha wakijenga kilicho chao. Saa 72 za mwenye hisa na saa 72 za mwenye mshahara hazina urefu mmoja. Nawe mwajiri ukumbuke kwamba hapa Kenya amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 kwa wiki, na zinazozidi hulipwa.

Yule mama wa Gikomba nilirudi kwake nilipoacha kazi. Nilimwandikia kijiprogramu kidogo kinachosoma ujumbe unaoingia kwenye simu yake yeye mwenyewe, kutoka kwa M-Pesa wenyewe, na kupiga kengele pesa ikifika. Asiposikia kengele, mzigo hautoki. Kilinichukua wikendi mbili. Sasa majirani zake watatu wanakitumia, kila mmoja ananilipa shilingi mia mbili kwa mwezi. Si Alibaba, lakini ni kitu ambacho watu wanakilipia.

Haya, tuonane wakati mwingine. Na wewe uliye ofisini saa hizi za usiku ukisoma haya, zima mashine uende nyumbani.