Nusu ya Begi Iwe Tupu

Iwawa, Makete
8 Juni

Mwanangu mpenzi,

Furaha imetujaa tangu tuliposikia kwamba Ustawi wa Jamii wamewakubalia mumchukue mtoto kwa malezi ya kambo. Nasikia mumeo ameshaanza kununua vitu. Mwambie asubiri kidogo. Neno langu kubwa ni hili: begi la mtoto lije nusu tupu. Mtoto wa miezi saba haji kwenu mikono mitupu. Ana blanketi alilolizoea, kikombe chake, na nguo zenye harufu ya mlezi aliyekesha naye. Ombeni mpewe vitu hivyo, nanyi mkiachie kituo cha watoto anakolelewa vipya badala yake.

Karatasi ndizo za kwanza. Barua ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki vikae kwenye mkoba wako wa mkononi, visiende kwenye buti. Toeni na nakala. Mkitaka baadaye kumwasili, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu, kwa hiyo kila karatasi ya leo mtaihitaji kesho. Mkoa wetu umeumizwa sana na Ukimwi, basi ulizeni majibu ya vipimo vya mtoto bila kuona haya. Kama anatumia dawa, ondokeni na za kutosha pamoja na barua ya rufaa. Dawa hazimpunguzii mtoto thamani hata chembe.

Msije leo mkaondoka kesho. Kaeni siku kadhaa, nyumba ipo. Mpe mlezi khanga yako ambebee mtoto siku hizo zote, wala usiifue. Siku ya safari umbebe wewe kwa khanga hiyohiyo. Mwangalie anavyomlisha: ni kwa kijiko au kikombe, uji mzito kiasi gani, anambembeleza kwa wimbo gani wa Kikinga. Andika. Maziwa nayo yawe yaleyale ya kituoni. Kubadilishiwa mikono na mahali kunamtosha mtoto, tumbo lake liacheni kwanza.

Njiani kurudi Dar es Salaam msisafiri usiku. Laleni Makambako, asubuhi mwendelee. Bebeni chupa ya chai yenye maji yaliyochemka, mkoroge maziwa kila anapotaka kunywa, na yanayobaki mmwage. Nguo ziwe nyepesi, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Huku Juni alfajiri sakitu hutanda juu ya viazi, lakini mkishateremka Kitonga na kuifikia mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, joto litawapokea ghafla. Mpapase shingoni kwa nyuma. Ukikuta jasho, mvue moja, baadaye umpapase tena.

Jambo moja wengi hulisahau. Kwenye baridi hii malaria ni nadra, kwa hiyo mwili wa mtoto huyu haujawahi kupambana nayo. Chandarua kitundikwe huko Dar es Salaam kabla hamjafunga safari ya kuja, na homa yoyote ikimpata apimwe siku hiyohiyo.

Mkifika, ndugu watataka kumiminika na zawadi. Waombeni wavute subira. Wiki za mwanzo alishwe, aogeshwe na kulazwa na ninyi wawili tu, mpaka ajue ni mikono ya nani inayorudi kila anapolia. Akilia sana usiku msidhani amewakataa. Anawatafuta aliowazoea, na moyo wa namna hiyo ndio utakaowapenda nanyi.

Jina alilokuja nalo abaki nalo. La ukoo mtaliongeza. Nipigie mkishapata tarehe, nimtafute mtu wa kuwapokea stendi.

Mungu awatangulie.

Shangazi yako