Mtoto na mundu (sehemu ya 9)

Leo siko wodini, niko nyumbani na kazi ya shule ya mtoto.

Mwanangu wa darasa la nne aliambiwa achore mtu anayefanya kazi. Tukatafuta mfano kwenye simu, tukakutana na mchoro wa Vincent van Gogh wa mvulana mwenye mundu. Aliuchora mwaka 1881 kijijini Etten, Uholanzi, akiwa na miaka 28 na bado anaishi kwa wazazi wake. Katumia chaki nyeusi, mkaa na rangi ya maji. Mvulana kajikunja chini anakata majani. Hajapambwa, wala hachekeshi mtu.

Mwanangu akatazama mundu. Mimi, mnatujua manesi, nikawaza ule mkono mwingine, unaoshika majani. Huo ndio tunaletewa umefungwa kitenge kilicholowa damu.

Wakati ule Uholanzi walishakuwa na sheria, tangu 1874, ya kukataza kuajiri watoto chini ya miaka 12. Ililetwa na mbunge Samuel van Houten. Ila kazi za shambani na za nyumbani waliziacha nje. Yaani kiwandani mtoto anafanya kazi, shambani anasaidia tu. Hapo nikaweka simu chini, maana hata mimi nilikuwa "nasaidia".

Kwetu nilikata majani ya ng'ombe kila nikitoka shule. Nikiwa na miaka 10 nilijikata kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Hospitali tulienda siku ya tatu, mshipa wa kukunjia umeshakatika. Hadi leo hakikunji, nikiweka dripu nakikwepesha.

Desemba mtoto anaenda kwa bibi yake. Nikapiga simu palepale. "Shikamoo mama. Mjukuu wako akija, naomba asipewe mundu."

Mama alicheka jamani! "Marahaba. Mbona wewe ulikata, na nesi umekuwa?"

Sikuwa na jibu. Nikasema basi tutaongea, nikakata.

Mtoto alikuwa pembeni na penseli yake, mkono umemshinda kuchora. Akaniomba nikunje wa kwangu kama nashika majani, auangalie. Nikakunja. Kidole kimoja kikabaki kimenyooka, naye akakichora hivyo hivyo.